Vitambuzi vya Metali Katika Fukwe za Hifadhi: Kisa cha Padre Island

Kitambuzi cha metali ni kifaa chenye koili ya waya ambayo, inapopitishwa umeme, hutoa uga wa sumaku. Na uga huo unapokutana na metali iliyofukiwa mchangani, huzusha ndani yake mkondo mdogo wa umeme unaonaswa na kifaa na kugeuzwa kuwa mlio. Nchini Marekani, ruhusa ya kukitumia katika fukwe za kawaida hutegemea jimbo, kaunti au mji wenye mamlaka juu ya ufukwe, lakini katika fukwe zilizo chini ya Idara ya Hifadhi za Taifa kanuni ni moja na haina upole: kosa si kukitumia tu, bali hata kuwa nacho, isipokuwa kama kimefunguliwa vipande au kimefungashwa kwa namna isiyokiwezesha kufanya kazi. Mkosaji aweza kufungwa hadi miezi 6, hata kama hajachimbua kitu chochote.

Ukali huo hueleweka vyema zaidi katika Padre Island, kisiwa chembamba cha mchanga katika pwani ya Texas, ambacho sehemu yake kubwa ilitengwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1962. Mwezi wa Aprili 1554, merikebu tatu za Kihispania zilizotoka Veracruz zikiwa na shehena ya fedha zilisukumwa na dhoruba hadi zikavunjikia hapo, na ijapokuwa Wahispania walirudi mwaka huohuo kuopoa walichoweza, mali nyingi ilibaki chini. Mabaki ya mojawapo, Santa María de Yciar, yaliharibiwa katika miaka ya 1950 wakati wa kuchimba njia ya meli. Ya pili, Espíritu Santo, iliopolewa mwaka 1967 na kampuni ya Platoro kutoka Indiana, jambo lililozua kesi ya miaka mingi na kulifanya jimbo la Texas litunge sheria yake ya mambo ya kale mwaka 1969. Ni ya tatu tu, San Esteban, iliyochimbuliwa na wanaakiolojia kwa utaratibu, mwaka 1972 na 1973.

Tofauti kati ya uopoaji na uchimbuaji wa kitaalamu haimo katika thamani ya vitu vilivyopatikana. Chuma kikikaa baharini kwa karne kadhaa hushikamana na mchanga na makombe hadi kikawa bonge gumu, na mara nyingi chuma chenyewe huliwa chote na kutu, kikaacha uwazi wenye umbo lake. Mtaalamu hulipiga bonge eksirei, kisha humimina gundi ya epoksi katika uwazi huo na kupata nakala kamili ya msumari au kufuli ambayo haipo tena. Msaka hazina aliyevutwa na mlio hulivunja, akaambulia vumbi jekundu, na hakuna hukumu ya mahakama iwezayo kukirudisha alichokipoteza. Kwa sababu hiyo ni haki sheria ikizuia kifaa bila kungoja shimo lichimbwe.

Juu ya kanuni hiyo ipo sheria ya shirikisho ya mwaka 1979 inayolinda rasilimali za kiakiolojia, yaani mabaki ya maisha ya binadamu yenye umri usiopungua miaka 100, ambayo humtoza anayeyachimbua bila kibali faini ya hadi dola 10,000 au kifungo cha hadi mwaka 1 kwa kosa la kwanza, na zaidi pale hasara inapozidi dola 500. Sheria hiyo haizigusi sarafu na risasi zisizo za kiakiolojia, na wapo wanaoshika kifungu hicho kama ruhusa. Wanasahau kwamba marufuku ya hifadhi husimama peke yake.

Anayeumia zaidi ni mgeni aliyeangusha pete yake jana, kwani naye hawezi kuitafuta kwa kifaa chake mwenyewe. Pete hiyo ikionwa kwa macho na mtu mwingine, sharti ikabidhiwe kwa uongozi wa hifadhi, ambao huihifadhi kwa siku zisizopungua 60, na mwenyewe asipotokea, aliyeiokota aweza kuidai. Sarafu ya fedha ya mwaka 1554 iliyookotwa hatua mbili kutoka hapo haiingii katika utaratibu huo, kwa kuwa ni mali ya umma tangu ilipokuwa chini ya mchanga.