Kura Yako Ina Uzito Gani?

Juma hili natia kura katika mizani. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu milioni 38.6 nchini Kenya. Ukiwagawa kwa maeneo bunge 290, kila mbunge anapata watu 133,138. Lamu Mashariki haikufikisha hata 20,000, ila katiba ilikataza eneo lolote kufutwa katika ugawaji wa kwanza. Basi mtu mmoja wa huko alihesabika bungeni kuliko sita wa eneo la wastani! Visiwa vyahitaji msemaji, sibishi. Lakini Nairobi je? Sensa ya 2019 ilikuta watu milioni 47.6, na mipaka ni ile ile ya 2012. Ilipaswa kupitiwa upya kabla ya Machi 2024. Tarehe ikapita, tume haikuwa na kamishna hata mmoja.