Kemia ya Kliki: Jitihada za Kuizuia Shaba Isibaki kwenye Dawa

TUZO ya Nobeli ya Kemia ya mwaka 2022 ilitolewa kwa Carolyn Bertozzi na Barry Sharpless wa Marekani pamoja na Morten Meldal wa Denmark, kwa kazi yao kuhusu kemia ya kliki, yaani kuunganisha molekuli mbili kwa haraka na kwa uhakika, kama mkanda wa kiti cha gari unavyojifunga kwa mlio mmoja. Njia hiyo husifiwa kwa usafi wake, ingawa shaba inayoiwezesha ndiyo inayowashughulisha wanakemia hadi sasa.

Mmenyuko mashuhuri zaidi wa kemia hiyo huunganisha azaidi, yenye atomu tatu za nitrojeni zilizofuatana, na alkaini, yenye atomu mbili za kaboni zilizoshikana kwa vifungo vitatu. Zao lake ni triazoli, pete imara ya atomu tano, tatu kati yake zikiwa za nitrojeni. Pete hiyo imo katika rufinamidi, dawa ya kifafa, na katika tazobaktamu, inayotolewa pamoja na antibiotiki ya piperasilini. Flukonazoli, dawa ya fangasi iliyozoeleka, ina triazoli ya mpangilio mwingine na haihusiki hapa.

Katika miaka ya 1960, Rolf Huisgen wa Ujerumani aliuchunguza mmenyuko huo kwa kina. Wakati huo ulihitaji joto na ulitoa mchanganyiko wa maumbo mawili ya triazoli, ambayo ilibidi yatenganishwe. Mwaka 2002, kundi la Meldal na lile la Sharpless, kila moja kwa upande wake, yalionesha kuwa shaba huukamilisha katika joto la kawaida la chumba na kutoa umbo moja tu. Kundi la Sharpless lilitumia salfeti ya shaba, inayojulikana pia kama mrututu, pamoja na chumvi ya vitamini C, ambayo huigeuza shaba kuwa katika hali inayofanya kazi.

Tatizo ni kwamba shaba hiyo huyeyuka ndani ya mchanganyiko na ni lazima iondolewe baadaye. Miongozo ya kimataifa inaruhusu miligramu 3 za shaba kwa siku katika dawa za kumeza, na miligramu 0.3 tu katika zile za sindano. Usafishaji hutumia viyeyusho vingi na huacha majitaka yenye shaba, ambayo ni sumu kwa viumbe wa majini.

Suluhisho linalotafutwa ni kuishikiza shaba kwenye kitu kigumu, kama vile mkaa, silika, zeolaiti au kitosani inayotokana na maganda ya kamba na kaa. Wengine huiweka juu ya chembechembe za oksidi ya chuma, ili kazi ikiisha kichocheo kivutwe kwa sumaku na kutumika tena. Maji au ethanoli huchukua nafasi ya viyeyusho vyenye madhara.

Hata hivyo, kutumika tena mara tano si uthibitisho. Kiasi kidogo sana cha shaba iliyoyeyuka hutosha kuendesha mmenyuko, hivyo kichocheo kinaweza kuonekana kigumu huku kikivuja. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kukichuja katikati ya mmenyuko, mchanganyiko ukiwa bado wa moto. Kimiminika kilichochujwa kikiendelea kuzalisha triazoli, shaba imekwisha kutoka. Aidha, kichocheo kinachooshwa kwa lita nyingi za kiyeyusho kila mara hakistahili kuitwa rafiki wa mazingira.

Azaidi nazo zina hatari yake, kwani zile zenye molekuli ndogo huweza kulipuka. Kwa sababu hiyo, watafiti wengi huzitengeneza na kuzitumia ndani ya chombo kilekile bila kuzitenga. Sodiamu azaidi inayoanzisha kazi hiyo, ambayo ni sumu kali, bado hupimwa kwa mkono, na hakuna kichocheo cha shaba kinachoiondoa hatua hiyo.