Hakimiliki na Kura ya Homa Bay

Vijana wanaosomea uanasheria hapa Pwani huniuliza kama sheria ya teknolojia ina faida yoyote kwa mwananchi, au ni ya mawakili wa kampuni za simu tu. Mimi huwatajia Profesa Ben Sihanya, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi.

Tasnifu yake ya udaktari, aliyoifanyia Stanford, Marekani, ilihusu hakimiliki nchini Kenya. Mwaka 2016 akatoa kitabu kikubwa kuhusu haki miliki na ubunifu. Lakini ni yeye huyo huyo aliyeandika sana kuhusu Katiba na mamlaka ya rais. Wako wanaodhani hizo ni kazi mbili. Kwangu swali ni moja: chombo kinachotumiwa na wengi kiko mikononi mwa nani, na nani ana haki ya kukikagua?

Mwaka 2017 swali hilo lilifika kwa kila mpiga kura. Katika kesi ya urais, Mahakama ya Juu iliamuru IEBC iruhusu seva zake zikaguliwe. Tume haikutii kikamilifu, na majaji wakaihesabia hilo dhidi yake. Tarehe 1 Septemba, majaji wanne kati ya sita walifuta uchaguzi wa 8 Agosti.

Raila Odinga akajiondoa, akidai tume haijarekebishwa. Siku ya marudio, 26 Oktoba, kura hazikupigwa katika maeneo bunge 25 ya Homa Bay, Migori, Kisumu na Siaya. Zoezi likaahirishwa kwa siku mbili, halafu likaachwa moja kwa moja. Mshindi alitangazwa 30 Oktoba bila kura ya mvuvi wa Mbita wala ya mkulima wa miwa wa Awendo. (Waliosema ni ukaidi wa Wajaluo tu hawakuisoma hukumu ya Septemba.)

Mwaka 2022 Fomu 34A ziliwekwa kwenye intaneti, hata mtu wa Kwale akaweza kusoma matokeo ya kituo cha Rongo kwenye simu yake. Hatua kubwa hiyo. Lakini walalamishi walipotaka kuingia kwenye seva, hoja ya haki miliki ya Smartmatic, kampuni iliyoleta mitambo, ikazuka mahakamani. Wakili aliyesoma Katiba peke yake angeijibuje? Na wa hakimiliki, asiyejua kwamba kura ni ya mwananchi, angeona kosa liko wapi?