Kumsaidia Jirani Mwenye Kalulu

Katika mitaa ya Kenya, Katuba na Ruashi, wako watu wanaofuga sungura, wale ambao wengi wetu tunawaita kalulu. Watoto huwapenda sana. Lakini labda unamjua mtu ambaye kalulu wake hukaa katika sanduku lenye unyevu, hula mabaki ya bukari, na kopo lao la maji ni tupu. Wengine hunyamaza wakisema, "Ni mnyama tu." Wengine humkemea mbele ya watu. Njia hizi mbili hazimsaidii mtu wala mnyama. Kwanza ujue mambo haya, ndipo uweze kumweleza.

1. Chakula. Meno ya kalulu hukua siku zote za maisha yake. Asipotafuna nyasi, huwa marefu mno, yakaumiza kinywa, naye hushindwa kula. Bukari hayapunguzi meno, tena huharibu tumbo. Nyasi ziwe chakula chake kikubwa, pamoja na majani ya matembele kidogo. Majani ya avoka ni sumu kwake. Wala msikate nyasi upande wa Penga Penga: kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza kazi mwaka 1911, na kwa miaka mingi upepo ulipeleka moshi wake huko, hata udongo ukaingiwa na shaba na risasi.

2. Maji na nyumba. Maji safi yawepo kila siku. Sakafu ichafukapo kwa mkojo na mavi, vijidudu vya ugonjwa uitwao koksidia huingia chakulani. Kalulu wadogo huvimba tumbo, huhara, hufa. Basi sakafu isafishwe kila siku. Banda liwe na kivuli, kwa maana joto la mwezi wa kumi laweza kuwaua. Katika usiku wa baridi wa mwezi wa sita, wapewe nyasi kavu za kulalia.

3. Kumshika. Asiinuliwe kwa masikio. Mkono mmoja uwe chini ya kifua, wa pili chini ya matako. Akirusha miguu hewani, mgongo wake waweza kuvunjika.

4. Afya ya watu. Kalulu anayepoteza manyoya na kuwa na magamba pengine ana choa au upele, na magonjwa haya yaweza kuwapata watoto. Kila amshikaye anawe mikono kwa sabuni. Mtoto akitoka alama ya mviringo ngozini, aletwe hospitalini, na mnyama apelekwe kwa mganga wa wanyama.

Sasa, utamwendeaje jirani? Usiende mikono mitupu. Chukua fungu la nyasi, umwombe akuonyeshe kalulu wake. Sifu lililo jema. Kisha mwambie jambo moja tu: leo maji, juma lijalo sakafu. Usimwaibishe mbele ya watoto wake, kwani aliyeaibishwa hufunga mlango, na kalulu hubaki na kiu. Akisema hana nafasi, watoto wagawiwe kazi kwa zamu. Na kama hata hivyo haiwezekani, msaidie kumpata mtu mwingine wa kuwatunza.

Someni Mithali 12:10. Huko tunafundishwa kwamba haki ya mtu huonekana hata katika banda la mnyama wake. Mtoto anayejifunza kumjazia kalulu maji kila asubuhi, anajifunza pia kumwangalia ndugu yake mdogo.