Mwenye Umeme Akifilisika, Fedha Zako Ziko Wapi?



Katika mkutano wa bloku mwezi uliopita mama mmoja aliuliza swali ambalo hakuna aliyelijibu vizuri, hata mimi niliyekuwa nimeketi mbele na daftari. Mwenye jenereta anayempa umeme amemwambia alipe miezi mitatu kwa pamoja, naye atamwongezea mwezi wa nne bure. Mama akauliza: "Akizima mashine kabla ya miezi hiyo kwisha, nimdai nani?" Niliahidi kuulizia na kuandika jibu katika karatasi hii.

Swali hilo linanigusa. Mwaka 2022, bei ya dizeli ilipopanda, sisi tulikuwa tumevutiwa waya na mfanyabiashara mmoja wa karibu na soko. Mama yangu aliuza maji baridi na juisi, na friji ndiyo iliyotulisha. Kwanza umeme ulianza kuja saa kumi na mbili jioni badala ya saa nane mchana. Halafu mwenye mashine akapita nyumba kwa nyumba akiomba malipo ya miezi miwili, ati apate kununua dizeli ya jumla. Tulilipa. Hazikupita wiki mbili, jenereta ikachukuliwa na mtu aliyekuwa akimkopesha mafuta, na simu ya mwenyewe ikawa haipatikani. Hatukuwa na risiti hata moja. Kilichobaki ni waya ikining'inia juu ya paa.

Nilimwita mwizi kwa muda mrefu. Sasa, baada ya kuulizia, nadhani hesabu ndiyo iliyomshinda. Jenereta ikifanya kazi nusu ya nguvu zake haitumii nusu ya mafuta. Hutumia zaidi ya hapo. Kwa hiyo wateja kumi wakijitoa, sehemu ya gharama yao inawaangukia waliobaki. Anapandisha bei, wengine kumi wanajitoa, anapandisha tena. Anapofika hapo hana akiba, na fedha pekee anazoweza kuzipata haraka ni za mteja anayelipa mbele. Malipo yako ya mwezi ujao yananunua mafuta ya jana. Ndiyo maana ile ahadi ya mwezi wa bure inapaswa kukushtua kidogo. Mtu ambaye biashara yake inakwenda vizuri hana haja ya kugawa robo ya umeme wake.

Msidhani jambo hili ni la kambini tu. Uingereza, mwaka 2021, bei ya gesi ilipanda ghafla na kampuni zaidi ya 20 za kuuzia nyumba umeme na gesi zikafilisika. Nyingi zilikuwa ndogo, zilikuwa hazijanunua gesi ya kutosha mapema kwa bei ya chini, na baadhi yao zilikuwa zikiendesha shughuli kwa fedha walizowekewa na wateja mbele. Moja, Avro Energy, ilikuwa na wateja wapatao 580,000. Lakini taa za watu hao hazikuzimika hata usiku mmoja. Huko iko mamlaka ya serikali, jina lake Ofgem, na kampuni ikianguka mamlaka hiyo huchagua kampuni nyingine ipokee wateja, pamoja na fedha walizokuwa wamelipa zaidi. Hasara hugawanywa katika bili za nchi nzima. Hata aliyekuwa mteja wa kampuni nyingine alichangia.

Hapa kwetu hakuna mpango wa namna hiyo kwa mwenye jenereta. Kenya ina mamlaka yake ya nishati, EPRA, chini ya Sheria ya Nishati ya mwaka 2019, na mwenye leseni anaweza kushtakiwa huko. Lakini mtu aliyefunga mashine nyuma ya duka na kuvuta waya juu ya mabati kwa kawaida hana leseni, na hakuna atakayelazimishwa kuwapokea wateja wake.

Kuhusu sola za kulipa kidogo kidogo mambo ni tofauti, na hapa naomba msome polepole, maana wengi wanachanganya.

Sola ya namna hiyo inakaa nyumbani kwako lakini si yako mpaka umalize kulipa. Ndani ya kisanduku cha betri kuna kifungo kinachofunguliwa na kampuni, ama kwa namba unazotumiwa kwenye simu ama kwa mtandao. Ukilipa kwa M-Pesa, kinafunguka kwa siku ulizolipia. Kampuni yenyewe imenunua paneli na betri kwa fedha taslimu, mara nyingi kwa mkopo wa dola au yuro, halafu inangoja shilingi zako kwa miaka miwili au mitatu. Shilingi ikishuka, au wateja wengi wakichelewa, inabaki na deni kubwa na mkono mtupu, ijapokuwa ina maelfu ya sola juu ya mapaa ya watu.

Kampuni ya Mobisol ya Berlin, Ujerumani, iliuza sola kwa njia hiyo Tanzania, Rwanda na hapa Kenya. Mwezi wa Aprili 2019 iliomba kuwekwa chini ya sheria ya kufilisika ya Ujerumani. Mwaka huohuo ilinunuliwa na ENGIE, kampuni kubwa ya Ufaransa, na mwaka 2020 ikaunganishwa na kampuni nyingine za sola katika ENGIE Energy Access. Jiulize: mnunuzi alinunua nini? Paneli zilizokwisha fungwa kwa wateja hawezi kuziuza tena kirahisi. Pamoja na ofisi, mafundi na jina, alinunua malipo ambayo wateja walikuwa bado hawajayamaliza. Deni lako ni mali ya kampuni, na linauzwa kama ng'ombe.

Basi anayelipa sola kidogo kidogo ni mdaiwa. Kampuni ikianguka, deni halifi; linahamia kwa mwingine. Anayesimamisha malipo akidhani amesamehewa atajikuta amefungiwa taa. Hatari yake ni nyingine: kampuni ikikosa mnunuzi, mashine zinazotuma namba za kufungulia zikazimwa, kisanduku kinaweza kujifunga hata kama umelipa, na hakuna fundi wa kukufungulia. Vijana wanaosema wanaweza kukipasua na kuunganisha waya moja kwa moja, msiwape betri zenu. Betri ikichajiwa bila kidhibiti chake inaharibika, na nyingine huwaka moto.

Aliyelipa mbele, au aliyetoa kianzio na bado hajaletewa kitu, huyo ni mdai. Kwa sheria ya ufilisi ya Kenya ya mwaka 2015, mali ya kampuni iliyoanguka haigawanywi kwa usawa. Mwenye dhamana anachukua kilicho chake, kama yule wa mafuta alivyochukua jenereta yetu, ingawa yeye hakwenda mahakamani. Gharama za mfilisi, mishahara ya wafanyakazi na kodi zinatangulia. Mteja wa kawaida anasimama mwisho wa foleni, na mara nyingi foleni inafika kwake sufuria ikiwa tupu. Tena hasikilizwi bila karatasi.

Jibu langu kwa yule mama ni hili. Anatafuta kuokoa malipo ya mwezi mmoja kwa kuhatarisha ya miezi mitatu. Kwa jenereta, alipe mwezi, na akiweza alipe wiki. Majirani wanaotumia waya moja wanaweza kumchagua mtu wa kushika fedha zao na kumlipa mwenye mashine kila Jumamosi kwa umeme uliokwisha kuja. Tulipendekeza hivyo kwa mfanyabiashara wa sasa. Alinung'unika, kisha akakubali kwa nyumba sita. Kwa sola, lipa kwa tarehe zako bila kutanguliza, usifute ujumbe wa M-Pesa, na nakili namba ya kisanduku na ya mkataba kwenye daftari, kwa sababu simu huibiwa.

Ukisikia kampuni imeanguka, watakuja watu na namba mpya ya kulipia. Usitume hata shilingi kumi mpaka umepiga namba iliyoandikwa kwenye mkataba wako, au umekuja kwetu tuulizie pamoja.

Wenye risiti au ujumbe wa malipo ya jenereta, hata vya zamani, wavilete kituo cha jamii Jumatano asubuhi. Nitaandika jina, tarehe na kiasi katika daftari, na mwenyekiti wa bloku ataweka sahihi. Wasioweza kutembea wamtume mtoto na simu.