Magofu ya Nyangwe yako kwenye sahani yetu

Bandugu, likizo hii msiote tu magofu ya mawe ya nchi za mbali. Mimi na barafiki watatu tulibeba mikoba mgongoni, tukatoka Kindu na pikipiki mpaka Kasongo, kisha Nyangwe, pembeni ya Lualaba.

Usitafute kuta kubwa. Nyumba za wafanyabiashara Waswahili na Waarabu zilikuwa za udongo. Mwaka 1893 jeshi la Dhanis liliteka Nyangwe mwezi wa tatu na Kasongo mwezi wa nne, na udongo ukarudi kuwa udongo.

Mabaki yao tunayala. Ni wao walileta mpunga Maniema, karne ya 19, na watumwa ndio walilima. Kiswahili chetu kilipita njia hiyohiyo. Pale sokoni Nyangwe, tarehe 15 Julai 1871, Livingstone aliona mamia ya watu wakiuawa, wengi wanawake waliokuja kuuza vyakula.

Siye tuliosoma agronomia tuna kazi kule. Uliza wazee majina ya mbegu zao za zamani za mpunga, uandike, uombe kiganja kimoja. Mbegu mpya zikienea, zile hazitalimwa tena, na hakuna kitabu kitakachozikumbuka.