Soketi iliyokataa kustaafu, na mabingwa wengine wa kompyuta ya bei nafuu

Prosesa ya kwanza duniani kuvuka gigahezi 9 ni Core i9-13900K ya Intel, iliyoingia sokoni Oktoba 2022. Ili ifike huko ilibidi ipozwe kwa heliamu ya majimaji, kitu ambacho fundi wa mtaani hakihifadhi kabatini. Hongera zao. Sisi wenye bajeti ya kuungaunga, tunaotaka mashine moja ifanye hesabu za ofisi mchana na usiku icheze mpira, tuna mabingwa wetu, na wengi wao hawana kasi ya kutisha mtu.

Taji la umri linakwenda kwa soketi ya AM4 ya AMD. Ilizaliwa 2016, Ryzen za kwanza zikakaa juu yake Machi 2017, na Julai 2024 kampuni ilikuwa bado inaitolea prosesa mpya. LGA1200 ya Intel, iliyokuja 2020, ilipata vizazi viwili tu ikawekwa kando. Tofauti hiyo ni pesa taslimu. Aliyenunua mazabodi ya B450 mwaka 2018 pamoja na Ryzen ndogo ya enzi hizo anaweza leo kuweka Ryzen 5 5600, au hata Ryzen 7 5800X3D inayopendwa na wachezaji, akabaki na mazabodi ileile, RAM ileile na kasha lilelile. Masharti ni mawili, na yote mawili hukosewa kila siku.

Kwanza ni BIOS, ile programu ya mazabodi inayoiwasha mashine. Mazabodi ya 2018 haimjui mgeni aliyezaliwa 2022 mpaka itambulishwe kwa kusasisha BIOS, na utambulisho huo hufanywa prosesa ya zamani ikiwa bado mahali pake. Ukikimbilia kuichomoa, utawasha na kuona feni zinazunguka mbele ya skrini nyeusi. Pili ni kuchomoa kwenyewe. Pini 1,331 za AM4 ziko chini ya prosesa, nyembamba kuliko sindano ya kushonea, na pesti ya joto ikishakauka hushika kama gundi. Vuta kipozeo juu kwa nguvu na prosesa itatoka nacho, kufuli likiwa bado limefungwa, na pini kadhaa zitalala upande. Washa mashine dakika kumi ipate joto, izime, toa waya wa umeme, kisha zungusha kipozeo kushoto na kulia taratibu kabla ya kukiinua. Nimewahi kumwona fundi akinyoosha pini hizo moja moja kwa ncha ya penseli ya kubonyeza, pumzi ameibana, na mwenye kompyuta amesimama mlangoni akitazama barabara.

Kwa uongo, sijaona iliyoishinda LGA1151. Mwaka 2017 Intel ilileta prosesa za kizazi cha nane kwa soketi yenye jina hilohilo na idadi ileile ya pointi za mguso. Zinaingia, zinakaa, kufuli linafunga, lakini haziwaki kwenye mazabodi za mfululizo wa 100 na 200. Jina moja, koo mbili zisizosalimiana. RAM angalau ina ukweli wake: DDR4 na DDR5 za kompyuta ya mezani zote zina pini 288 na zinalingana urefu, ila lile pengo la katikati limesogezwa kidogo. Zilaze sambamba mezani utaliona. RAM ikigoma kukaa, usiongeze nguvu ya dole gumba.

Herufi ghali kuliko zote ni F. Nilinunua Core i5-12400F kwa sababu ilikuwa na bei ya chini kuliko ndugu yake asiye na F, nikachomeka waya wa HDMI nyuma ya mazabodi, nikashinda jioni nzima nabadilisha nyaya na kumlaumu aliyeniuzia skrini. F maana yake prosesa haina sehemu ya michoro ndani yake, hivyo bila kadi ya michoro huoni kitu. Upande wa AMD, Ryzen 5 5600 nayo haina, 5600G inayo. Muuzaji hakuniambia, nami sikuuliza.

Kwenye kadi za michoro, ulafi unaongozwa na RTX 5090 ya Januari 2025: wati 575. IBM PC ya 1981 ilikuwa na pawasaplai ya wati 63.5, kwa hiyo kadi hii peke yake inakula sawa na uwezo wa mashine tisa za aina ile. Tuiache ipite. Kwetu sisi kadi ya kuogopa ni RX 6500 XT, iliyotoka Januari 2022 kwa dola 199. Ilipewa njia nne tu za PCI Express pale ambapo tundu la kawaida lina 16, na kumbukumbu ya gigabaiti 4. Kwenye mazabodi yenye PCIe 4.0 huvumilika; kwenye B450 yetu, ambayo ni ya 3.0, hupoteza kasi kwa namna unayoiona mchezoni. Isitoshe haina sehemu ya kurekodi video, na anayehariri video za kazini atalijutia hilo mapema.

GTX 1650 ya 2019 ndiyo kadi isiyo na makuu kuliko zote. Matoleo yake mengi hutosheka na wati 75 zinazotoka kwenye tundu la mazabodi, bila waya wa ziada, na mwishoni mwa 2022 iliongoza orodha ya Steam ya kadi zinazotumiwa zaidi na wachezaji. Hiyo ndiyo inayofaa zile kompyuta za ofisi zilizotumika zinazouzwa Kariakoo na Luthuli Avenue. Ila pima kasha kwanza, kwa sababu lile jembamba linataka kadi ya kimo kifupi. Na usijiambie utabadilisha pawasaplai baadaye: OptiPlex 9020, mojawapo ya kompyuta hizo za ofisi, hulisha mazabodi kwa plagi ya pini 8 badala ya 24 za kawaida. Prosesa yake ya kizazi cha nne pia haimo katika orodha ya Windows 11, na Windows 10 ilimaliza msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa michezo ya zamani sawa; kwa mashine itakayobeba nyaraka za wateja, mimi nisingeinunua.

Kifaa cha bei ndogo kuliko vyote ni betri ya CR2032, duara la milimita 20 lililopachikwa kwenye mazabodi, volti 3. Mashine ya mtumba ikiwaka na tarehe ya miaka mingi iliyopita, au ikisahau mipangilio kila umeme ukikatika, badilisha hiyo kabla hujamlipa fundi chochote.